Nyumba Iliyoshonwa, Jioni ya Gu

Mvua za Gu zikishapiga Garissa, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au ndani ya Aprili, nchi hugeuka kwa kasi. Vichaka vilivyosimama vikavu miezi yote ya Jilaal huvaa majani ndani ya wiki moja. Wadudu wadogo wekundu, laini kwa kugusa, hutambaa juu ya mchanga uliolowa, na majongoo hutoka ardhini kwa wingi. Mbuzi huzaa. Ngamia hujaa maziwa. Watu waliokuwa wakihesabu mapipa ya maji huanza kuhesabu harusi.

Wasomali wa huku huugawa mwaka mafungu manne: Jilaal, kiangazi kikali kinachofika hadi Machi, Gu, mvua za masika, Hagaa, miezi ya upepo na vumbi, na Deyr, mvua za vuli zinazoanza Oktoba. Mimi ni mtu wa Lamu, nimekulia kwenye kusi na kaskazi, lakini nikiulizwa ni lini mtu aende Garissa sisiti: aende Gu, na atoke nje baada ya Alasiri, jua linapolegea. Mji uko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, iwe Januari au Julai. Ukianza safari saa kumi na nusu una saa mbili nzima za kutembea kabla ya giza. Hizo zinatosha kufika mbali, ukiwa na watu wanaojua njia na mbwa wanaoijua zaidi yao.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mjini. Bibi yake mzaa mama hajahamia mjini na hana nia ya kuhamia. Anakaa na mifugo kwenye boma upande wa kusini, ng'ambo ya Bour-Algi, na ni fundi wa mikeka anayejulikana. Mwalimu alijua nimekuja kwa ajili ya mikeka. Akampigia simu binamu yake anayechunga, wakaelewana, nami nikaambiwa: panda tuktuk mpaka Bour-Algi, kijana atakupokea, mtatembea pamoja na mbuzi hadi nyumbani.

Bour-Algi iko karibu na mji, kwenye barabara inayokwenda Bura na Masalani. Wenyeji waliitenga ardhi hiyo wenyewe kwa ajili ya twiga, na twiga wake ni wale wa kaskazini mwa Kenya, wenye mabaka makubwa ya rangi ya matofali yaliyotengwa na mistari myeupe iliyonyooka. Mwaka 2018 aina hiyo iliwekwa kwenye orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hapa wanapita kati ya mbuzi na pikipiki. Jioni huelekea mto Tana kunywa, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu mashamba ya migomba na miembe yamejaa ukingoni na kila uzio mpya ni njia moja iliyozibwa. Niliona sita wamesimama wakitazama ua wa miiba uliowakatia njia, shingo zote zimeelekea mtoni. Kijana alisema watauzunguka wote, hata ukiwa mrefu kiasi gani, kwa kuwa kiu haina njia nyingine. Nilitamani mwenye shamba angekuwepo awaone.

Kijana alimaliza kidato cha nne, akatafuta kazi mjini, hakupata ya maana, akarudi kwenye mifugo. Tangu tuliposalimiana aliniita abti, kama anavyomwita kaka wa mama yake, na kuanzia hapo nikawa na haki ya kuuliza chochote. Nikaanza na mbwa.

Walikuwa wawili, wembamba, rangi ya mchanga, mmoja ana sikio lililochanika. Mbwa ni wachache katika nchi ya Wasomali, na sababu inajulikana. Watu wa Garissa, kama sisi wa Lamu, hufuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu wazi mbwa wa kulinda mifugo, wa kuwinda na wa kulinda shamba, na wachungaji wanaujua mpaka huo vizuri sana. Mbwa hawaingii ndani ya nyumba. Hawagusi vyombo vya maziwa. Wanakula chao, wanalala nje ya ua, wanapewa maji yao kwenye kopo lao. Ndani ya mpaka huo wanatunzwa. Nilikuja na picha kichwani ya mbwa wanaopigwa mawe, nikawakuta hawa wanajua jina lao likiitwa na wanalijibu.

Hawaswagi mbuzi. Mbwa wa Uskoti hufundishwa kukusanya kondoo kwa kuwazunguka. Hawa kazi yao ni pua na sauti. Mmoja hutangulia, mwingine hubaki nyuma na wale wanaochechemea. Wanyama wanaosumbua ni fisi na bweha, hasa msimu huu, kwa kuwa mbuzi hubeba mimba miezi mitano na waliopandwa wakati wa Deyr wanazaa sasa hivi. Bweha anaijua kalenda hiyo kama mchungaji.

Tuliacha barabara tukaingia kwenye migunga. Matope ya mvua ya juzi yalikuwa yameshakauka juu na bado laini chini, na kila hatua iliacha alama. Mbele yetu digidigi walikuwa wakitoka kichakani wawiliwawili, wanasimama, wanatutazama, wanapotea. Kundi la kanga wa huku, wale wenye kifua cha buluu na shingo ndefu isiyo na manyoya, lilivuka kwa mbio likifuatana mstari mmoja. Mbwa hawakuwashughulikia. Kijana alisema walipokuwa wadogo walikimbiza kila kitu, mpaka wakajifunza kwamba anayekimbiza digidigi hali chakula cha jioni, kwa sababu akirudi wenzake wameshamaliza.

Katikati ya njia mbuzi mmoja mweupe alibaki nyuma. Mbwa mwenye sikio lililochanika akabaki naye. Hakubweka, alikaa chini tu, hatua kadhaa mbali, amempa mgongo yule mbuzi na kuelekeza uso kwenye vichaka. Kijana aliona mbwa hayupo kabla ya kuona mbuzi hayupo. Tulirudi, tukakuta mwanambuzi ameshatoka, bado amelowa, mama anamlamba. Tukangoja. Kijana alimfuta kwa majani, akamtia ndani ya shuka begani, mama akafuata nyuma huku akilia. Mbwa aliondoka mahali pale wa mwisho kabisa, baada ya kunusa ardhi.

Wakati tunangoja niliona kitu shingoni mwa yule mbwa. Ni ukosi wa nguo, upana wa vidole viwili, umeshonwa kwa vipande: kipande cha baati (gauni jepesi la wanawake) la maua ya zambarau, kipande cha gunia, kipande cha kitambaa cheusi, tena baati. Mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa, mistari mitatu sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya mtu asiyeharakisha. Nikauliza nani ameshona.

"Ayeyo," akasema. Bibi. "Yeye hamgusi mbwa. Ameshona, mimi nikamvalisha. Alisema mbwa asiye na alama watu watampiga risasi wakidhani hana mwenyewe."

Basi nikajua ninakwenda kwa mtu gani.

Jua lilikuwa limeshuka na vivuli vya migunga vimekuwa virefu. Kijana alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, mwingine alimjibu kutoka mbali, mchungaji mwenzake tusiyemwona. Nataka nieleze kwa nini jambo hilo la kawaida lilinigusa. Jioni katika nchi hii imewahi kupigwa marufuku. Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hili Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, vita vya serikali dhidi ya waasi walioitwa Shifta vikaendelea hadi 1967, na sheria zilizotokana nayo hazikufutwa mpaka 1991. Kizazi kizima kilizaliwa, kikaoa na kupata watoto chini ya sheria ambazo Wakenya wa mikoa mingine hawakuzijua. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi, hapo mjini Garissa, ulichomwa moto katika operesheni ya vikosi vya serikali, na watu wakauawa. Halafu tarehe 2 Aprili 2015, ndani ya msimu huuhuu wa Gu, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo Garissa, Wajir, Mandera na Tana River ziliwekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Yaani kuanzia dakika ileile jua linapozama. Mchungaji aliyechelewa kwa sababu mbuzi amezaa njiani alikuwa mvunja sheria.

Kwa hiyo vijana wawili wanaoimba kwa kupokezana wakati wa Magharibi, na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi, kwangu mimi ni habari kubwa. Ningependa magazeti ya Nairobi yaiandike pia, kama yanavyoandika zile nyingine.

Tulifika mbuzi wakiwa wameshaanza kuliita boma wenyewe. Wanawali walikuwa mlangoni mwa zizi wakiwatenganisha mama na watoto, kila mbuzi anaitwa na anajibiwa. Mbwa hawakuvuka ua wa miiba. Walilala upande wa nje, mmoja mashariki, mmoja magharibi, na hakuna aliyewaelekeza.

Ayeyo alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, miguu ameinyoosha, mkeka mapajani. Alikuwa ameshaswali. Alinipokea kwa Kiswahili chake cha Garissa, akaniuliza hali, hali ya watu wa Lamu, hali ya bahari, hali ya mvua huko, mwishowe akaniuliza hali ya mguu wangu, kwa kuwa aliona natembea nao vibaya. Akaagiza nipewe maziwa. Yalikuja ndani ya chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, zimebanwa mpaka hakivuji tone, na ndani kimefukizwa kwa makaa ya mgunga. Maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi: huu ndio mlo wa Gu, na sijui kwa nini mtu angetaka kuongeza kitu.

Nyumba yake ni aqal, na ni lazima niieleze kwa sababu watu wengi wameipita barabarani bila kujua wanachokiona. Ni kuba. Viunzi vyake ni miti na mizizi iliyopindwa ikiwa mibichi, ikafungwa ikauka ikiwa na umbo hilo. Juu yake hutandazwa mikeka, safu juu ya safu. Hakuna msumari. Hakuna msingi. Wanawake ndio wanaoikusanya miti, wanaosuka mikeka, wanaoisimamisha na kuivunja. Mama wa bibi harusi na jamaa zake wa kike huanza kazi miezi mingi kabla ya arusi, na nyumba ikishasimama ni mali ya mke. Wakiachana, mume ndiye anayetoka. Mwaka 1995 msomi Labelle Prussin alitoa kitabu kizima kuhusu nyumba za wahamaji wa Afrika, na hoja yake kuu ilikuwa hiyo: wasanifu wa majengo haya ni wanawake, na historia ya usanifu ilikuwa imewaruka.

Mkeka wenyewe huku huitwa herio. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sikulielewa sawasawa mpaka nikalishika mkononi. Boma linapohama, herio inashushwa kutoka kwenye paa na kuwekwa mgongoni mwa ngamia. Inakuwa tandiko. Viunzi vya nyumba vinafungwa ubavuni, ncha zao zimechomoza juu, vinakuwa kiti cha mizigo. Vibuyu, watoto wachanga na wanambuzi wanapanda juu yake. Nyumba haipakiwi juu ya tandiko. Nyumba ndiyo tandiko. Usiku unapofika mahali papya, tandiko linakuwa nyumba tena. Kila mshono anaoupiga bibi huyu unapigwa kwa ajili ya kukaa na kwa ajili ya kutembea, pamoja.

"Fundo liko upande gani?" aliniuliza, akageuza mkeka.

Nikatazama. Upande mmoja wa herio ni laini na una mistari. Upande wa pili una nyuzi ndefu zilizoachwa zikining'inia. Nikapapasa. Mafundo yote yalikuwa upande wa nyuzi.

"Ngamia anavaa upande huu," akasema, akipiga kwa kiganja ule ulio laini. "Fundo moja likiwa upande wake, siku mbili, kidonda. Kidonda kikiwa mgongoni, habebi. Asipobeba, mimi nabaki hapa na nyumba yangu chini, watu wameondoka."

Alipitisha mkono wake taratibu kwenye mshono wote, halafu akaurudia kwa shavu. Ngozi ya shavu, alisema, inasikia kitu ambacho kiganja chenye sugu hakisikii.

Nyuzi zenyewe zinatoka kwenye magome ya mgunga. Yanabanduliwa msimu huu wa mvua, mti ukiwa na maji na gome likikubali kuachia. Wakati wa Jilaal gome linang'ang'ania na kukatika. Gome la nje hutupwa, la ndani hutafunwa au kupondwa mpaka lilainike, kisha husokotwa juu ya paja kuwa kamba nyembamba. Ayeyo hatafuni tena, meno hayamruhusu, kazi hiyo amewaachia wajukuu. Wao hawaipendi, na siwalaumu: niliitafuna kidogo, ina ukakasi unaokausha ulimi mzima. Kwa hiyo siku hizi herio zake zina vitu vingine. Alinifungulia gunia. Ndani mlikuwa na masweta ya mitumba.

Garissa, ambako Februari na Machi joto hupita nyuzi 35 mchana, hakuna anayevaa sweta. Yanafika sokoni ndani ya marobota na yanauzwa bei ya bure. Ayeyo hununua yale ya rangi kali, anayafumua uzi kwa uzi, anausokota upya kwa kuuongeza unene, kisha anausuka ndani ya mkeka kuwa mistari myekundu na kijani. Pale mkeka ulipoliwa na mchwa au kuchanika, hakuutupa. Alikata kipande cha baati kuukuu, akakiweka juu ya kipande cha gunia, akapiga bandi kukishika, kisha akakishona chote kwa shazia ndefu, mistari sambamba, karibukaribu, mpaka tabaka mbili zikawa kitu kimoja kizito. Pembeni akakunja pindo. Kiraka kikawa kigumu kuliko mkeka unaokizunguka.

Kwetu Lamu bibi zetu walisuka ukili wa miyaa, ukanda mrefu, kisha wakaushona ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Mkono ni uleule. Nilimwambia, akataka kujua ukili una upana gani na unashonwa kwa uzi wa nini, na tukazungumza hayo kwa muda mrefu, tukipimiana kwa vidole, kijana akitutafsiria pale Kiswahili chake au Kisomali changu kilipokwama. Alinipa shazia. Nikashona mstari mmoja kando yake, yeye mmoja kando yangu, na taa ya sola ikiwa imening'inizwa kwenye kiunzi cha nyumba. Ni kazi rahisi: sindano inaingia, inatoka, unavuta, unapapasa. Baada ya kutembea saa mbili mwili umechoka kiasi cha kutulia na mikono bado inataka kazi. Sijapata namna bora ya kumaliza jioni.

Nikamuuliza kama amewahi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Akanijibu bila kuacha kushona. Alikuwa msichana wakati wa vijiji. Katika miaka ya 1966 na 1967 serikali iliwalazimisha wafugaji wa mkoa huu kuhamia kwenye vijiji vilivyolindwa, ili Shifta wasipate msaada. Ngamia walikuwa wengi kuliko malisho yaliyo karibu. Walikufa, na wengine waliuawa. Mama yake aliendelea kushona herio kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua, na hazikuwa na ngamia wa kuzibeba. Zilirundikwa ndani ya nyumba, moja juu ya nyingine, mpaka mchwa wakazifikia kutoka chini. Hayo aliyasema kwa sentensi chache, akauma uzi, akaendelea na mstari mwingine.

Zaidi ya miaka hamsini baadaye ukame ulifanya kazi kama hiyo bila askari. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa kaskazini na mashariki mwa Kenya, na zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa. Familia zilizobaki bila mnyama zilisogea kandokando ya mji wa Garissa. Kesho yake mwalimu alinipitisha huko. Makuba bado yapo, viunzi vilevile vilivyopindwa, lakini juu yake hakuna herio. Kuna turubai, magunia, vyandarua, vipande vya dera, maboksi, mifuko ya unga iliyofunguliwa. Mpita njia anaona takataka. Nilisogea karibu, nikaona mishono. Turubai limeshonwa kwa gunia, gunia kwa shuka, tabaka mbili pale upepo unapopiga, na bandi zimepigwa kwa mstari. Kule Dadaab, ambako kambi zilifunguliwa kuanzia 1991 kwa ajili ya watu 90,000 na zikapokea wengi zaidi ya hao, maelfu ya familia zilianza maisha chini ya makuba ya namna hiyo. Mwanamke aliyepoteza kila kitu alifika na elimu hiyo mikononi, akapata nyumba kabla ya jua kuzama.

Kule Alabama, Marekani, kwenye kona ya mto inayoitwa Gee's Bend, wanawake weusi, wajukuu wa watumwa, walishona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za shamba zilizochakaa, suruali za kazi na mifuko, ili watoto wasipatwe na baridi. Kwa miaka mingi yalikuwa mablanketi tu. Mwaka 2002 yakaonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney huko New York, na wakosoaji wakayaweka sawa na michoro mikubwa ya karne iliyopita. Yalistahili. Herio ya Ayeyo inastahili pia, na nasema hivyo nikiwa nimezitazama picha za kazi zile kwa makini: mistari yake ina uamuzi uleule, jicho lilelile la mtu aliyepewa mabaki na akachagua pa kuyaweka. Tena blanketi la Gee's Bend halikupaswa kuvuka jangwa mgongoni mwa ngamia.

Mwalimu ana mawazo tofauti na bibi yake kuhusu nyumba. Anataka amjengee ya mabati mjini, karibu na hospitali, na sababu zake ni za upendo. Lakini nimelala chini ya mabati Garissa, na nimeketi ndani ya aqal mchana. Mabati yanameza jua na kulishusha juu yako. Herio inapitisha upepo, na mvua ikinyesha nyuzi zinavimba na kujifunga. Na kuna suala la hati. Kiwanja cha mjini mara nyingi huandikwa jina la mwanamume. Ayeyo amemiliki nyumba tangu siku ya arusi yake, na hakuna aliyewahi kumwonyesha karatasi. Nilimwambia mwalimu haya tukiwa njiani, naye akanisikiliza, akasema tatizo lake si nyumba, ni daktari. Hapo ana haki. Zahanati za kuhamahama, zile zinazowafuata wafugaji kwa magari au kwa ngamia, zingemaliza nusu ya ugomvi wa familia hii.

Usiku ule bomani, kabla sijaingia kulala, mbwa walibweka upande wa magharibi, kwa muda mfupi na kwa hasira. Kijana alitoka na tochi. Fisi, alisema aliporudi, ameshaondoka. Ayeyo hakuinua kichwa. Aliuliza swali moja tu kwa Kisomali, nami nililielewa: yule mwanambuzi mpya yuko ndani? Alikuwa ndani, kwenye kibanda kidogo cha wachanga ndani ya ua.

Mjukuu wake mmoja wa kike anaolewa wakati wa Deyr, na nyumba yake bado inapungukiwa na mikeka. Asubuhi Ayeyo alinipa orodha kwa mdomo na akanifanya niirudie. Nikija tena nimletee masweta, ya watu wazima, kwa sababu ya watoto uzi wake unakatika mfupi. Yawe ya sufu. Ya nailoni yanateleza na fundo linafunguka. Mekundu zaidi kuliko kijani. Shazia mbili, ndefu, zenye tundu pana. Na ukili wa Lamu, kipande cha urefu wa mkono, ili aone tunavyoshona ukingo, maana maelezo yangu ya vidole hayakumridhisha.